Mapigo Yangu Juu ya Baiskeli ya Kwenda Hapa Hapa

Nilipona kwa hasira. Wapo watakaokuambia walipona kwa maombi, au kwa dawa, au kwa upendo wa waume zao, na sitabishana nao. Kila mtu anajua kilichomwinua kitandani. Mimi kilichoniinua ni wifi yangu Rodah, dada mkubwa wa mume wangu, pamoja na nia yangu ya kumwonyesha kwamba sijafa.

Naandika kwa sababu najua sasa hivi yupo mama aliyejifungua juzi, anahema hali ameketi, miguu imemfura, na watu wa nyumbani wameanza kumwangalia kwa namna ile. Namna ile naijua. Ni kama watu wanavyomwangalia kuku aliyeanza kusinzia mchana. Mama huyo nataka asome haya, hata kama kuna mahali hayatanipendeza mimi mwenyewe.

Mtoto wangu wa kwanza, Muhonja, alizaliwa mwezi wa pili, kiangazi, watu wakichoma magugu na kungoja mvua. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu karibu na Khayega, na mume wangu Ezra alikuwa askari wa msitu kule Isecheno, akija nyumbani mwisho wa juma. Mvua ilipoanguka na watu wakaingia shambani kupanda mahindi, mimi nilikuwa siwezi kutoka jikoni hadi chooni bila kusimama mara mbili. Nililala nimeegemea mito mitatu. Ukinibonyeza muundi kwa kidole, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Huyu anapumuanga kama ng'ombe imepanda mulima," mama mkwe alimwambia Ezra. "Mupeleke hospitali."

Tulikaa kwenye benchi la hospitali kuu ya Kakamega tangu asubuhi mpaka mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati na hatukusikia tena majina yakiitwa. Ezra alisimama mlangoni kabisa ili asikose letu. Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema moyo wangu umelegea kwa sababu ya uzazi, na kwamba huwatokea wanawake wachache. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nililazwa wiki sita.

Walinipa dawa za kutoa maji, na maji yakatoka. Nilikojoa Aprili yote. Kila asubuhi muuguzi alinipandisha kwenye mizani, na kila asubuhi nilikuwa nimepungua. Wiki ya nne nilijitazama kwenye kioo cha bafu nikaona kwamba chini ya uvimbe ule palikuwa hapana mtu, palikuwa na mifupa. Waliokuwa wakisema Phanice amefura, sasa walisema Phanice amekonda. Na miaka ile, mwanamke kijana akikonda, hapakuwa na neno lingine watu walilolifikiria.

Rodah alikuja wodini Jumatano moja, saa ya kutazama wagonjwa. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri. Ndiye aliyesoma somo kanisani kwao karibu kila Jumapili. Alikuwa na wavulana wanne. Alimchukua Muhonja kutoka kitandani pangu, akamfunga mgongoni, halafu ndipo akasema.

"Mtoto hawezi kaa hapa, Phanice. Akuwe kwangu kidogo."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Mpaka tuone."

Hakusema tutaona nini. Nilimtazama Ezra. Ezra aliangalia sakafu, akasema, "Ni ya muda tu." Sikuwa na nguvu ya kusimama, kwa hiyo mtoto wangu aliondoka wodini nikiwa nimelala. Maziwa yalinijaa siku tatu, yakalowesha gauni la hospitali, yakauma kama jipu, kisha yakakauka. Hayo ndiyo niliyomwandikia Rodah moyoni kwanza. Mengine yalifuata.

Niliporudi nyumbani mwezi wa tano nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Sahani yangu iliwekwa peke yake juu ya kabati. Nilimuuliza mama mkwe. Hakuwa mtu wa kudanganya.

"Ni Rodah alisema. Amesema ni ule ugonjwa. Ameambia akina mama wa kanisa wasikuulize, utasikia vibaya."

Nilirudi hospitalini nikamwomba daktari anipime damu. Majibu yalitoka: sikuwa na virusi. Nilimtuma Ezra na karatasi ile kwa dada yake. Jumamosi iliyofuata akanirudishia. Nilimwuliza Ezra dada yake amesema nini.

"Amesema siku hizi karatasi ni kitu ya kuandikwa tu."

"Na wewe ulisema nini?"

Aliinama akafungua kamba za viatu. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka, nikaenda kuishi kwa dada yangu Mildred mtaa wa Amalemba, karibu na hospitali. Tuliposhuka matatu Ezra alinibebea godoro kichwani hatua chache zilizobaki. Nilitembea nyuma yake nikiangalia visigino vyake.

Mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamefika kifuani, daktari aliniandikia niende idara ya mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa. Chumba kile kilikuwa mwisho wa korido, chenye mapazia ya kijani na harufu ya dawa ya misuli. Msimamizi wake alikuwa Bwana Lukhale, mtu wa miaka hamsini na zaidi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kwenye kona alikuwa na baiskeli isiyokuwa na magurudumu ya kwenda popote, imefungwa kwenye chuma, yenye kipini cha kukaza ili miguu ipate kazi zaidi. Wagonjwa waliiita baiskeli ya kwenda hapa hapa. Wengi waliipanda baada ya kuvunjika mguu.

"Mimi mguu haujavunjika," nilimwambia.

"Najua, Mwalimu. Wewe tutaendesha moyo."

Alifungua droo akatoa saa kubwa nyeusi na mkanda wa mpira. Mgeni fulani aliyekuja kujitolea, mtu wa kupenda kukimbia, aliviacha alipoondoka. Mkanda unafungwa kifuani chini ya matiti, saa inafungwa mkononi, na saa inaonyesha moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Kijitabu chake kilikuwa kwa lugha ambayo hospitali nzima hakuna aliyeijua, chenye michoro ya wazungu wakiteleza kwenye theluji. Kwa hiyo tulijifunza wenyewe, yeye na mimi, kama watoto wawili na redio iliyofunguliwa.

Siku ya kwanza saa iliandika sufuri. Nilishuka kwenye baiskeli nikaketi chini sakafuni, nikijua kwamba yale aliyoyasema Rodah yametimia. Bwana Lukhale alinishika kifundo cha mkono, akahesabu huku anatazama saa ya ukutani.

"Mia na nne," alisema. "Uko hai. Mkanda ndio umekufa." Baada ya kuhangaika tuligundua kwamba mkanda hautaki ngozi kavu. Lazima uuloweshe kwa maji kidogo, ndipo usikie.

Juma la pili saa iliandika mia mbili na kumi na nne, nami nimekanyaga mara nne tu. Nililia kabisa siku ile. Mzee aliyekuwa nyuma ya pazia la pili akitibiwa mgongo kwa mashine ya joto aliuliza kuna nini. Bwana Lukhale aliizima ile mashine ili aje kunitazama, na mara hiyo hiyo saa ikaandika tisini na nane. Akaiwasha: mia mbili. Akaizima: tisini na nane. Alicheka mpaka akashika ukuta. Saa ilikuwa ikisikia umeme wa mgongo wa mzee yule ikidhani ni moyo wangu. Tangu hapo tuliihamisha baiskeli mpaka dirishani, na ukutani akabandika karatasi: *Saa haijui kila kitu. Hesabu kwa kidole.*

Nawe ukipewa saa ya namna hii, shika hilo kwanza.

Daktari alituwekea mpaka: nisipite mia na kumi na tano. Tulikipata kitufe cha kuiwekea saa mpaka huo, na nikiuvuka ilikuwa inalia, tii tii tii, kama kifaranga aliyepotea. Mwezi wa kwanza ililia kila wakati. Kuzungusha tu, bila kukaza, dakika tatu, ikawa inalia. Nilikuwa naona aibu mbele ya vijana wa miguu iliyovunjika. Nilikuwa nawaza, Rodah angekuwepo hapa angeketi kwenye benchi lile, mikono kwenye mapaja, akanihurumia. Huruma yake ndiyo niliyoichukia kuliko yote. Basi nilikanyaga kwa nguvu zaidi, na ikalia zaidi.

"Unakimbilia wapi?" Bwana Lukhale aliniuliza.

"Nataka namba iwe kubwa."

"Nani alikwambia namba kubwa ni nzuri?"

Nilidhani ni kama mtihani, anayepata nyingi ndiye mshindi. Siku hiyo alinieleza kwa utaratibu. Namba ya juu inakuambia tu unalipa kiasi gani kwa kazi unayofanya. Kama kazi ni ile ile, kipini cha kukaza kiko pale pale, dakika ni zile zile, na namba imekuwa ndogo kuliko wiki iliyopita, basi umepona kidogo. Hakuna njia ya kuidanganya. Halafu akanionyesha namba aliyoipenda yeye zaidi. Nikiacha kukanyaga, tulingoja dakika moja kamili bila kusema, kisha tukatazama imeshuka kwa ngapi.

"Moyo mzima ukiambiwa pumzika, unapumzika," alisema. "Moyo mgonjwa unaendelea tu kulalamika."

Wangu ulishuka kwa nane.

Nilinunua daftari la shule nikalipiga mistari, maana mwalimu ni mwalimu. Mstari wa kwanza: mapigo kabla ya kupanda. Wa pili: kipini kiko namba ngapi. Wa tatu: muda niliokaa chini ya mpaka, ambao saa yenyewe ilikuwa inauhesabu na kuutoa mwishoni ukibonyeza mara mbili. Wa nne: kushuka kwa dakika moja. Sikumwambia mtu, lakini juu ya kila ukurasa niliandika herufi R. Ulikuwa ukurasa wake. Kila Jumanne na Ijumaa nilimwandikia.

Mahindi yalivunwa. Kushuka kulifika kumi na mbili, kisha kumi na tano. Nyama ilianza kurudi mapajani. Nywele zilizokatika zikaota, laini kama za mtoto. Mildred alikuwa ananipikia mboga za kienyeji bila chumvi na kuzila pamoja nami bila chumvi, ingawa hakuna daktari aliyemkataza yeye chumvi. Tulikunywa chai kwa vikombe vya kuchanganya, yeyote achukue chochote. Mambo kama hayo ukiwa mgonjwa unayaona makubwa sana.

Mwezi wa kumi mama mkwe alikuja kunitembelea. Alinikuta kwenye benchi la nje ya idara, mkanda tayari kifuani, nikingoja zamu. Alikuwa ameniletea kumbikumbi waliokaangwa, maana mvua za vuli zilikuwa zimewatoa. Nilifurahi kumwona. Saa ilisema themanini na nne.

"Muhonja ameanza kusema," aliniambia. "Anasemanga mama."

"Anamwambia nani?"

Alifungua kifurushi cha kumbikumbi, akakifunga tena. Kisha akaniambia yote, maana nimesema hakuwa mtu wa kudanganya. Mtoto angebatizwa Desemba, kanisani kwa kina Rodah, na Rodah angesimama kama mama. Amemwambia kasisi kwamba mama mzazi hawezi, na kwamba ni vizuri mtoto awe na mama wa kudumu. Ezra amekubali.

Kifaranga akaanza kulia mkononi mwangu. Nilitazama: mia na kumi na tisa. Sikuwa nimeinua hata mguu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi na kumbikumbi mapajani.

Bwana Lukhale alitoka kuangalia ni nani anayelia. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akatazama saa.

"Nani huyo mnayemzungumzia?"

"Wifi yangu."

"Basi huyo wifi yako anaendesha baiskeli yako bila kukanyaga."

Nilifikiria maneno hayo wiki nzima. Nilipitia daftari langu, nikaona siku zangu mbaya zote zilikuwa siku nilizopanda nikimwaza Rodah tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa napanda na namba ishirini zake kabla sijaanza zangu. Watu husema hapo ndipo mgonjwa anajifunza kusamehe. Mimi sikujifunza hivyo. Nilijifunza kwamba kama nataka kulipiza kisasi lazima nikilipize chini ya mpaka. Nilianza kupanda nikihesabu mizunguko ya miguu, moja mpaka mia, moja mpaka mia, na Rodah nilimngojesha nje mpaka nishuke. Ijumaa ya tatu ya mwezi huo nilikaa dakika ishirini nzima bila saa kulia, na moyo wangu ukashuka kwa ishirini na mbili.

"Sasa nataka kupanda kilima," nilimwambia Bwana Lukhale. Nikamweleza kanisa liko wapi, kule juu, njia ya Isecheno.

"Mwalimu, unaenda kubatiza mtoto ama kupigana?"

"Yote mawili."

Alikwenda kumwona daktari. Daktari alinipima upya, akasema niende, lakini kwa kusimama-simama njiani. Tangu siku hiyo Bwana Lukhale alikaza kipini kwa dakika mbili, akakilegeza kwa dakika moja, akakikaza tena. "Hiki ndicho kilima chako," alisema. "Saa ikilia unasimama, hata kama askofu anakuita. Mwenye hasira huchoka mapema." Jumamosi kabla ya ubatizo alinipa saa na mkanda niondoke navyo, akasema virudi Jumanne.

Jumapili hiyo nilivaa gauni la bluu ambalo Mildred alikuwa amelipunguza kiuno. Kwenye mkoba niliweka chupa ndogo ya maji ya mkanda, na karatasi ya damu. Mwenye baiskeli ya kubeba abiria alinichukua mpaka chini ya kilima. Hapo alishuka akasema, "Mama, hapa baiskeli hubebwa na mtu." Nilianza kupanda kwa miguu.

Kilima kile mtu mwenye afya hukipanda kwa robo saa. Mimi kilinichukua karibu saa nzima. Saa ilipolia nilisimama. Namba iliposhuka nilitembea. Watu wa kanisa walinipita na nguo zao nzuri. Wengi walinijua, na waliponijua waliongeza mwendo. Mmoja tu alisimama. Aliitwa Truphena, mjane, mwembamba kuliko mimi, amejifunga leso kubwa ingawa jua lilikuwa kali.

"Leta mkoba nibebe," alisema.

"Wewe mwenyewe umechoka, mama."

"Tuchoke pamoja."

Alibeba mkoba wangu. Kila saa ilipolia alisimama nami bila kuuliza ni kitu gani kinacholia. Tulifika kanisani wakiimba wimbo wa pili.

Kasisi aliita wazazi waje mbele. Rodah alisimama na Muhonja mikononi, mtoto mnene, kofia nyeupe. Ezra akasimama kando yake. Mimi nilitembea kutoka nyuma katikati ya viti, polepole, kama nilivyofundishwa. Kanisa lilinyamaza, na katika kimya hicho saa ikaanza kulia. Nilisimama pale pale katikati, mbele ya watu wote, nikangoja. Sijui walidhani nini. Ilipotulia nikaendelea.

Kasisi alikuwa mgeni kidogo pale. "Mama wa mtoto ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

Rodah alifungua mdomo. Ezra alinitazama, akatazama dada yake, kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Hilo nalikumbuka kwa upande wake. Lilichelewa, lakini alisogea.

Nilikuwa nimetunga hotuba. Nilikuwa nimeitunga miezi sita juu ya baiskeli, na ilikuwa hotuba kali. Sikuitoa. Nilitoa karatasi.

"Wifi yangu amewaambia watu wa kanisa hili ninaumwa nini," nilisema. "Yeye ndiye msomaji wenu. Ninaomba awasomee na hii."

Kasisi alisema labda tuzungumze baadaye. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Wacha asome." Rodah alinipa mtoto ili aishike karatasi. Alisoma jina langu. Alisoma jina la kipimo. Aliposoma jibu, sauti yake ile nzuri ilikatika, nikamwambia, "Hawajasikia kule nyuma, wifi," na akalisoma tena kwa sauti.

Nilisikia utamu mwilini mwote. Sitakudanganya. Kama ungeniuliza dakika ile, ningekwambia dawa yote ya mwaka ule haikufika pale.

Halafu nikainua macho nikamwona Truphena. Alikuwa ameketi karibu na mlango na mkoba wangu mapajani. Aliuweka mkoba kwenye kiti, taratibu, akatoka. Watu wawili waligeuka kumtazama anavyotoka, kwa namna ile. Ndipo nilipoelewa leso ile kubwa siku ya jua. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa kuonyesha kwamba mimi si mmoja wao, na aliyenibebea mzigo alikuwa mmoja wao. Alizikwa mvua zilizofuata. Sikupata kumwomba radhi. Katika mambo yote ya mwaka ule hilo peke yake ndilo ninalolijutia, na wewe unayesoma ukiwa na karatasi yenye jibu lile lingine, naomba ulijue.

Muhonja alibatizwa mikononi mwangu, akilia. Sikujali, watoto wote hulia wakimwagiwa maji. Lakini aliendelea kulia njia yote ya kurudi nyumbani Khayega, nilikohamia tena siku ile ile. Alilia Jumatatu. Alinisukuma usoni kwa viganja. Uji wangu aliutema. Alikuwa akichoka kulia anaangalia mlango, na mlango ukifunguka akaangalia ni nani, na alipoona ni Ezra, aliyekuwa likizo, au mama mkwe akaanza tena. Jumanne niliirudisha saa. Bwana Lukhale aliniuliza kilima kilikuwaje. Nilimwambia nilifika. Akauliza na mtoto. Nilimkabidhi mkanda, naye akajishughulisha na kuukunja.

Siku ya sita mtoto alikuwa amepungua uso. Mama mkwe aliniambia, "Muite Rodah."

"Siwezi."

"Si wewe umuite. Mimi nitamuita."

Rodah alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wa nguo za mtoto. Alisimama mlangoni. Kwetu mgeni hata akiwa adui hupewa kiti. Hata anayekuja kukudai hupewa kiti. Kulikuwa na viti vinne mle ndani. Sikumpa hata kimoja, na nilimkazia macho mama mkwe mpaka naye akaogopa kumpa.

Muhonja alimwona, akanyoosha mikono. Rodah hakumchukua. Alishika mfuko kwa mikono miwili, akaongea akiangalia kizingiti.

"Uji hapendi moto. Anataka upoe kabisa, na uweke ndizi kidogo. Ugali ya obusuma anakulanga na supu ya kuku ingokho, mboga anatema. Kulala halali mgongoni. Unamlaza kwa bega, unamsugua sikio. Hili la kushoto."

"Kingine?"

"Akisikia radi anashtuka."

"Kingine?"

Alifikiri. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta, maana ili ayafute ingebidi aweke mfuko chini. "Hakuna kingine," alisema.

Aliuweka mfuko kwenye kizingiti akaondoka. Muhonja alipiga kelele mpaka majirani wakatoka kutazama. Nilimfuata Rodah kwa macho akipita kwenye migomba mpaka akapotea, na sikuwa na mkanda kifuani, lakini nilijua namba yangu haijapanda. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Sijui kama hilo ni jambo la kujivunia.

Watu wa kanisa wameniuliza mara nyingi kama nimesamehe. Nawajibu kwamba natibiwa bado. Sasa nafundisha tena, napanda kutoka mtoni na mtungi nusu, na daktari amenikataza kuzaa tena, kwa hiyo Muhonja ndiye huyo huyo mmoja. Anamwita Rodah senge, kama mtoto yeyote anavyomwita shangazi yake. Wakati mwingine ulimi unateleza anamwita mama, na sisi wote wawili tunageuka.

Asubuhi ile, Rodah alipokwisha kuondoka, niliingia ndani na mtoto aliyekuwa amekakamaa kama ukuni. Nilipoza uji, nikaponda ndizi. Alikunywa akiwa na kwikwi. Kisha nikamlaza begani, nikalitafuta sikio la kushoto, nikalisugua kama nilivyoelekezwa. Mwili wake ulilegea kidogo kidogo, mpaka kichwa kikanilalia shingoni.

Mpaka leo sijamshukuru Rodah, na yeye hajawahi kuniuliza kama mtoto alilala.